Kidole Gumba

Mwaloni Kirumba nilikuwa nauza dagaa kwa kilo,
na kidole gumba changu kilikuwa na kazi yake ya pili:
kukaa kidogo, kidogo tu, pembeni mwa sahani ya mizani.
Nani angeona? Gramu hamsini.
Sitini siku ya mvua.

Sasa niko juu kilimani, chumba chenye joto la Oktoba hata usiku,
na njiti wangu ana gramu mia tisa na arobaini.
Naujua uzito huo.
Ni kilo moja iliyopunjwa.

Hana jina bado. Mkononi kaandikwa Mtoto wa Holo,
na utepe, kwa wembamba wa kile kifundo,
umemzunguka mara mbili:
jina langu limemkumbatia mara mbili
kabla mimi sijaruhusiwa hata mara moja.

"Akifika kilo," kasema Sista Leokadia,
"utafungua vifungo, tutamlaza kifuani kwako,
ngozi kwa ngozi, tumfunge na khanga."

Akifika kilo.

Maziwa nakamua nimeegemea ukuta wa korido,
nalinung'unikia titi kama watu wanavyolinung'unikia bomba la mtaa.
Mililita tatu kila baada ya saa tatu, kwa mrija wa puani.
Sista hasukumi. Anainua bomba la sindano juu,
anayaacha yateremke yenyewe.
"Haraka ya nini? Huyu alishaharakisha vya kutosha."

Kitanda cha jirani, mapacha wa Ng'washi chini ya taa ya buluu,
wamezibwa macho kwa vitambaa.
Jumatano walikuwa wawili.
Alhamisi taa ni ileile, kitanda kilekile,
Ng'washi akakunja khanga moja, nyingine akaiacha.
Hatukumwambia pole kwa sauti.
Tulimpisha kwenye sinki, anawe mikono kwanza.

Pumzi ya wangu inapitia chupa ya maji.
Ikibubujika, yupo.
Usiku ule umeme ulipokatika mashine zote zililia pamoja,
kisha zikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho.
Dirishani mji mzima ulikuwa umezimika,
ziwani tu zikabaki taa za wavua dagaa, mstari mrefu,
dagaa wa kesho, watakaopimwa na mkono mwingine.
Jenereta likakohoa. Likakohoa tena.
Sista alikwishamfikia, anafinya kipulizio cha mpira
kwa vidole viwili, anahesabu kwa Kihaya.
Sikijui Kihaya. Usiku ule nilihesabu naye.

Kila asubuhi anapimwa.
Namba nyekundu, na Sista huvua kila kitu,
kofia, soksi, nepi, hata pamba.
Mia tisa na kumi. ("Hushuka kwanza, ndivyo walivyo.")
Mia tisa na tano.
Mia tisa thelathini, nikampigia baba yake simu, nikakosa la kusema.

Leo nilisimama karibu mno.
Mkono wangu, Mungu anauona, ulikwenda wenyewe
mpaka pembeni mwa sahani,
kidole kikatua.
Elfu moja na ishirini.

Sista hakunifokea.
Alikitazama kidole, akanitazama mimi,
nikawaona wateja wangu wote wa Kirumba wamepanga foleni nyuma yake.
Akakinyanyua taratibu, kama anavyonyanyua maziwa.
Mia tisa sabini na tano.
"Hizo zake," akasema. "Zilizobaki ni zako."

Akaandika. Akamrudisha kwenye kisanduku chake cha kioo,
akanifungulia kidirisha,
akakiongoza kidole kilekile, kimeoshwa, kikavu,
mpaka kwenye kiganja kisichozidi kitufe cha shati.

Kiganja kikafumba.
Amenishika kama mteja aliyemnasa mwizi,
na haachii.

Saa ya maziwa imepita.
Sijakamua. Sijakitoa.